Mtaro Wetu Kwenye Ramani ya Mtu Mwingine

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: chama cha wenye nyumba kina kazi gani mtaani zaidi ya kuchangisha pesa ya taka, na mwekezaji akija na maghorofa yake kinaweza kumfanya nini? Nimekuwa katibu wa chama chetu kwa muda wa kutosha kunichosha, kwa hiyo nianze na hilo la pili. Kumzuia, hakiwezi. Kibali cha ujenzi hutolewa na kamati ya ujenzi ya wilaya au ya mji chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, hakitolewi na majirani, na sahihi zetu hata zikijaa kurasa kumi hazigeuki kuwa sheria. Ila kinaweza kumbana. Na kinachombana ni hizohizo kazi za taka na mitaro ambazo mnaziulizia kana kwamba ni vitu vidogo.

Mtaa wetu uko Wakiso, nje kidogo ya mpaka wa jiji la Kampala. Sensa ya 2014 ilikuta wilaya hii ina watu karibu milioni 2. Ya 2024 ikahesabu zaidi ya milioni 3.4, wakati Kampala yenyewe haijafika milioni 2. Watu wote hao lazima walale mahali, na vilima vilivyokuwa vya migomba na mikaratusi sasa vimevaa mabati na vigae. Kwetu tumechanganyika: Baganda wenye ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa Buganda), wanajeshi wastaafu, Wanubi wa kutoka Bombo, Wakenya na Wakongomani wa biashara. Mkutano huanza kwa Kiganda, ukapitia Kiingereza, na ugomvi ukikolea huishia kwenye Kiswahili.

Wenzetu wanaomiliki fleti zilizouzwa mojamoja wana nafuu. Sheria ya Kondomini ya 2001 inawafanya wenye fleti kuwa chombo kinachotambuliwa kisheria, chenye haki ya kudai michango ya matunzo. Sisi wa nyumba za kujitegemea chama chetu ni cha hiari. Tumejiandikisha wilayani kama kikundi cha jamii, basi. Asiyetaka kulipa halipi, na mvua ikinyesha mtaro unambebea maji yake kama kawaida. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi: lori la taka, askari wa usiku, taa za njiani, na kinachobaki kinakwenda kwenye matengenezo.

Mwenye kuikusanya ni Hajati, mweka hazina. Akija kwako hatamki pesa. Anauliza hali ya watoto, anakubali chai, anafungua daftari magotini na kuliacha wazi kwenye ukurasa wenye jina lako. Mnaendelea kuzungumza habari za harusi ya mtu. Daftari liko palepale. Sijaona mtu aliyemaliza kikombe cha pili bila kwenda chumbani kuleta pesa.

Taka ndiyo iliyotufundisha kukaa kama chama kweli. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, ambalo liko humuhumu Wakiso, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Baada ya hapo lori letu likawa halionekani. Magunia yakarundikana getini, maganda ya matoke yakaoza, kaloli, wale korongo wakubwa wala mizoga, wakatua juu ya kuta kama wageni waliokuja kukaa. Usiku watu wakaanza kutupa mtaroni. Tulichofanya si cha ajabu: tulitenga maganda na vitu vingine. Sehemu kubwa ya taka za jiko la Kiganda ni maganda, na maganda ni chakula cha ng'ombe. Mfugaji mmoja wa ng'ombe wa bandani akawa anapita na toroli lake kila asubuhi. Magunia ya lori yalipungua hata mwenye lori, aliporudi, akalalamika kwamba hatumpi kazi. Kavera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa bado ni vita, sitawadanganya.

Mtaro nao tuliuchimba wenyewe, kwa bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila mtu na jembe lake Jumamosi asubuhi, kisha tukachangishana saruji, mawe na makaravati na kumlipa fundi kwa mita. Hajati aliandika kila mfuko. Nami, kwa kuwa ni katibu na sina raha, nilipiga picha kila kipande kilipokamilika. Wengine walicheka: mtaro unapigwa picha ya nini, unaolewa?

Mwekezaji wetu alinunua shamba la mikaratusi lililokuwa juu ya kilima. Tulijua siku katapila lilipopita. Mvua za Septemba zilipofika, udongo mwekundu aliokuwa ameukata ukashuka, ukaziba karavati la kwanza, na maji yakatafuta pa kupita. Yalipata mlango wa jikoni wa mwenyekiti wetu, Afande mstaafu, na migomba ya Jjajja, bibi mwenye kibanja bondeni (ardhi anayokalia ndani ya hati ya mtu mwingine) ambaye alikuwa pale kabla ya yeyote kati yetu wenye hati.

Afande alivaa gambuti akapanda kilimani. Msimamizi wa ujenzi alikuwa kijana wa Arua, na wakaelewana mara moja kwa Kiswahili cha kambini.

"Jambo, Mzee."

"Jambo, kijana yangu. Udongo yako imelala kwa jiko yangu."

"Pole sana, Afande. Mimi natumwa tu. Bosi iko mjini."

"Basi piga yeye simu. Mimi nangoja hapa."

Akangoja kweli, juu ya rundo la matofali, hadi magharibi. Bosi hakuja.

Mkutano wa dharura ulikuwa wa kelele. Nusu walitaka twende mahakamani siku ya pili kuomba zuio, bila kusema nani atamlipa wakili. Mwingine alitaka tuite televisheni. Jirani mmoja alisimama na kulia kwamba ghorofa litamzibia mandhari ya kilima cha pili. Huyo sikumuunga mkono wala sitamuunga, kwa sababu hakuna hati ya ardhi Uganda iliyouzwa pamoja na kilima cha mtu mwingine. Hajati alisubiri watulie akauliza: "Kuna aliyeiona ramani?" Kimya.

Tangu Sheria ya Mipango ya 2010, nchi nzima ya Uganda ni eneo la mipango, na hakuna ujenzi wa namna ile usiotakiwa kuwa na faili mahali fulani. Tulikwenda ofisini kulitafuta. Tulizungushwa, tukaambiwa turudi, tukarudi. Hatimaye afisa mmoja kijana akatutandazia ramani mezani, pembe moja kaikandamiza kwa kikombe na nyingine kwa stepla. Fleti 16, ghorofa nne, maegesho ya zege. Vyote vimepigwa mhuri. Ila pembeni palikuwa na mshale wa bluu na maneno madogo ya Kiingereza, kwamba maji ya mvua yataelekezwa kwenye mtaro wa umma uliopo.

Mtaro wa umma! Hajati hakusema kitu. Alifungua lile daftari, akaliweka juu ya ramani. Mifuko ya saruji, lori la mawe, malipo ya fundi, risiti zilizobanwa moja nyuma ya nyingine. Nami nikatoa picha. Yule afisa akafunua ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza upana. Sentimita 45, tukamjibu kwa pamoja, maana tulimlipa fundi kwa kipimo.

Hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika, kwa sababu ya hesabu ambayo hata mtoto wa shule anaiweza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua moja nzito ya milimita 50 ikipiga paa na zege lenye ukubwa wa mita za mraba 1,000 inatoa lita 50,000, yaani malori matano ya maji ya lita 10,000, yote yakishuka katika muda wa kupika matoke. Zamani pale palikuwa na majani na miti. Sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na ardhi, na iliyobaki ilishuka polepole. Zege halinywi kitu. Mtaro tulioupima kwa nyumba zetu na njia yetu ulikuwa umepewa kazi ya kilima kizima, na mchora ramani hakuwa amefika hata kuutazama.

Afisa alikuja mtaani na mkaguzi wa majengo. Safari hii bosi alikuja, na mhandisi wake. Futi ikatolewa mfukoni, mtaro ukapimwa, Jjajja akaitwa kuonyesha maji yalikuwa yakipita wapi kabla ya nyumba zetu. Hakuna aliyepaza sauti, hata Afande. Mhandisi aliandika tarakimu zake, akazitazama, akamwambia bosi wake kwa sauti ya chini jambo ambalo sisi hatukulisikia ila tuliliona usoni mwa bosi.

Watu wengi hupigana na kibali cha kwanza, kile cha kujenga, wakati kinapokuwa kimeshatolewa. Sheria ileile ya 2013 inataka kibali cha pili kabla watu hawajahamia ndani. Wapo wanaoingiza wapangaji bila hicho, sikatai. Lakini aliyemwaga pesa kwenye ghorofa hapendi kuona faili lake lina barua ya mtaa mzima, picha, vipimo na ripoti ya mkaguzi, halafu akaombe kibali cha kupokea kodi. Tulimwandikia kwa heshima, nakala kwa kamati, nakala kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Makubaliano yalitiwa sahihi kibarazani kwa Afande, na mhuri wa LC1 ukagongwa: mtaro mpya wa zege kutoka mpaka wake hadi kijito, upana wa sentimita 90, kwa gharama yake, matanki ya kuvunia maji ya paa, tipa zisipite kabla ya watoto kwenda shule.

Mtaro aliujenga, tena vizuri. Matanki aliweka. Tipa zilitii siku chache tu. Barabara yetu ya murramu zimeivuruga, naye akamwaga malori mawili ya udongo, akaita hayo matengenezo. Tanki la maji taka lilijengwa karibu na ukuta kuliko tulivyotaka, na gari la kunyonya likija kila mtu anajua. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayejisifu kwa ushindi.

Kuna jambo moja ambalo nadhani chama hakipaswi kulipatania kabisa. Bondeni, chini ya kwa Jjajja, kuna kinamasi cha mafunjo. Kwa Katiba, ibara ya 237, vinamasi vimeshikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Dalali mmoja alitujia kwa adabu nyingi: tukikaa kimya wakati wateja wake wanajaza udongo, chama kitapata kiwanja cha ofisi na pa watoto kuchezea. Mjue kwamba wapo wanachama, tena wanaolipa ada kwa wakati, waliotaka tukubali. Kura zilikaribiana kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ghorofa la kilimani tuliweza kulipigia hesabu. Kinamasi kikijazwa, maji ya vilima vyote viwili hayana pengine pa kwenda isipokuwa kwetu, na hapo hata mtaro wa sentimita 90 ni mchezo.

Na geti? Kila mkutano kuna anayetaka tufunge njia kwa geti ili "wageni" wasipite. Njia ni ya umma. Boda boda, mama muuza mboga na gari la zimamoto vyote vinapita hapo, na mimi sitaandika muhtasari wa kuufunga mlango ambao si wetu.

Tulilonalo sasa ni jingine. Fleti 16 zimejaa, na wapangaji wao wanatoa taka, wanatembea chini ya taa zetu, na askari wetu ndiye anayewafungulia usiku. Mwenye jengo anataka alipe ada moja, kwa kuwa hati yake ni moja. Baadhi ya wenzetu wanaafiki, si kwa kumpenda. Wanaogopa kwamba tukizihesabu nyumba 16 tutakuwa tumezipa kura 16, na wapangaji watatupita kwenye maamuzi. Mimi nasema taka inahesabiwa kwa majiko, na majiko ni 16. Wakilipa, wapige kura. Wawili kati yao wameshakuja kwenye bulungi bwansi na makoleo yao wenyewe, jambo ambalo jirani yangu mwenye hati hajalifanya tangu ahamie. Tunapiga kura Jumapili, na Hajati, ambaye bado hajasema yuko upande gani, tayari amepigia mistari kurasa 16 mpya kwenye daftari.