Nitajuaje mti upi unalisha nani?

SWALI: Shkamoo mtaalamu. Niko na ploti hapa njia ya Malindi kwenda Gede, nataka kupanda miti ya kienyeji ndege na vipepeo waje, lakini kila nikisachi naletewa dawa za miti shamba na bei za miche tu. Habari za mmea flani unatumiwa na mnyama gani nitazipata wapi?

JIBU: Marahaba kaka. Habari ziko, ila umebisha mlango wa nyumba nyingine. Wengi walioandika kuhusu miti yetu waliandika mbao na dawa, yule aliyeandika nani anakula tunda ni mtu aliyekuwa anafuata ndege ama popo, kwa hivyo mara nyingi itabidi umtafute mnyama ndio umpate mti.

Kwanza lakini pata jina la kisayansi, maana Mgiriama ana lake na Mbajuni ana lake. Na usiridhike na jina jipya peke yake. Migunga yote tuliisoma kama Acacia, siku hizi ya kwetu iko Vachellia na Senegalia, sasa ripoti ya miaka ya 80 utaipataje kwa jina ambalo mwandishi hakulijua? Ingia Plants of the World Online ya bustani ya Kew, andika jina lolote ulilo nalo, utaona lile linalokubalika na ya zamani yote chini yake, yakopi uyasachi moja moja. Inachosha, najua.

Ile Flora of Tropical East Africa, vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki vilivyoanza kuchapishwa 1952 vikakamilika 2012, itakwambia mti unaota wapi na udongo gani, mambo ya nani anakula usitarajie sana. Kwa vipepeo kuna databesi inaitwa HOSTS, ya Natural History Museum ya London, unaandika mmea unapewa viwavi waliorekodiwa wakiula, ila angalia rekodi ni ya nchi gani, mkunazi uko hapa na uko India na vipepeo wa India hawatakuja Gede kwa ajili yako. iNaturalist nayo, tovuti ambayo watu wanaweka picha za viumbe walivyoviona, naipenda kwa ujanja mmoja: fungua picha za kiwavi ama za kiota zilizopigwa Kilifi na Lamu halafu usimtazame mnyama, tazama jani alilokalia.

Hapo kwa viwavi ndipo watu wengi hukosea. Kipepeo mzima atafyonza maua mengi tu lakini kiwavi ana madeko, yule Papilio demodocus mweusi wa madoa ya manjano hutaga kwa mlimau na jamaa zake, bila hiyo atapita tu kwako akienda kwa jirani. Na bahati yako uko jirani na Gede, mradi wa Kipepeo uko hapo tangu 1993, wakulima wanafuga viwavi wa msitu wa Arabuko-Sokoke wauze pupa (kiwavi aliyejifunga kabla hajawa kipepeo), nenda uongee nao kabla hata hujafungua kompyuta, maana hao wanajua kiwavi gani anakataa jani gani na mengi ya hayo hayajaandikwa popote.

Ukipata rekodi jiulize pia ni matumizi gani. Kwera wa Clarke, ndege ambaye duniani kote yuko Kilifi tu, anajulikana kama ndege wa miti ya mirihi (Brachystegia), kundi zima huko juu likitafuta wadudu, lakini viota vyake vilipoonekana mara ya kwanza 2013 vilikuwa kwenye majani ya kinamasi kule msitu wa Dakatcha, huko huko Kilifi. Ungepanda mirihi ploti nzima na bado asingekuwa na pa kutaga. Halafu kuna mwarobaini, ndege na popo wanakula tunda lake sana, rekodi utazipata tele, na ndio hivyo mbegu zinafika msituni na mti wenyewe ni mgeni kutoka Asia. Kuliwa na ndege sio sababu ya kuupanda, mimi ningeuacha.

Kama rekodi hazitoshi, herbaria ya Makumbusho ya Taifa Nairobi ina vielelezo vya mimea vilivyokaushwa na wakusanyaji wengine waliandika kwa lebo mambo kama nyani wanakula tunda, uliza kwa heshima na jina la kisayansi mkononi. Na ukikwama kwa hilo jina nitumie picha za jani mbele na nyuma, ua na tunda, tafadhali sio ya mti mzima uliyopiga ukiwa kwa matatu.