Nafundisha kuchora maua, shuka langu la viraka haliishi

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nafundisha watu wazima kuchora maua kwa rangi za maji, mara mbili kwa wiki, na naipenda kweli hii kazi, ila nyumbani nina kitambaa nilianza kukidarizi mwaka jana na shuka la viraka limelala kwenye mfuko, kila nikishika sindano nakumbuka sijaandaa somo. Juzi nikajaribu kuchanganya, nikachora waridi kwa rangi zilezile za darasani kwenye pamba nyeupe, likatoka zuri balaa, kufua tu ua lote likaenda na maji. Niache kimoja?
Mwalimu wa maua

JIBU: Pole mwalimu wangu, hilo waridi limeniuma hata mimi. Rangi za maji zinashikwa na gundi ya mgunga, na gundi hiyo ikikutana tena na maji inayeyuka, ndo maana kwenye karatasi unaweza kulowesha petali iliyokauka ukaipunguza rangi. Kwa nguo ya kufua tafuta rangi za kitambaa, kifue kwanza kitambaa kipya maana mara nyingi kinakuja na wanga unaozuia rangi kuingia, halafu rangi ikishakauka kabisa piga pasi kama maelezo ya kopo yanavyosema.

Kuacha kimoja hapana, usiache! Unajua wanafunzi wanavyoharibu petali kwa kukosa subira, rangi bado mbichi wanarudi na brashi yenye maji, inatoka doa lenye kingo kama koliflawa. Sasa zile dakika za kusubiri ikauke, wewe toa kitambaa chako udarizi hapohapo mezani, mikono yao itatulia wakikuangalia na ua lako litasogea. Tena waonyeshe tofauti moja ambayo mimi naiona ni somo zima: kwenye kudarizi, weupe unaweza kuuchomeka kwa uzi mwishoni kabisa, ila kwenye rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe, ukishaufunika kuurudisha ni shida. Mtu akiielewa hiyo anaanza kupanga mwanga kabla hajagusa brashi.

Na hizi kazi ni ndugu wa siku nyingi, ile rangi nyekundu ya kuchorea inayoitwa alizarini ilitoka kwenye mizizi ya mmea waliokuwa wanatilia nguo rangi, mpaka wakemia wa Ujerumani walipoitengeneza wenyewe mwaka 1868. (Inapauka kwenye mwanga, kwa picha ya ukutani tumia nyekundu nyingine.)

Michoro yako ya mfano usitupe, ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu, fuatisha kwa penseli, tayari una ua la kudarizi na umeshajua kivuli kinakaa wapi.

Ila shuka la viraka lisiende darasani. Ukilipeleka utaanza kulielezea, watu watauliza, kesho limegeuka somo. Hilo libaki nyumbani, jioni moja kwa wiki ambayo huandai chochote, hata ukishona viraka viwili tu.