Uliza Daktari: Kizunguzungu cha ghafla na taifodi yenye shaka

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Umoja. Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, nina umri wa miaka 54, na sijawahi kulazwa hospitalini isipokuwa wakati wa kujifungua. Mwezi uliopita, nilipogeuka kitandani alfajiri kuelekea upande wa kulia, niliona chumba chote kikizunguka kwa kasi; nikashika ukingo wa kitanda, nikatapika, na baada ya muda mfupi kila kitu kikatulia. Tangu siku hiyo hali hiyo hurudi nikilalia upande huo au nikiinua uso kuchukua kitambaa kwenye rafu ya juu. Sina homa wala maumivu ya tumbo. Katika kliniki moja nilitolewa damu, nikaambiwa nina taifodi, na pia presha kwa kuwa mashine ilisoma 152 kwa 94. Nilidungwa sindano za jentamisini, nikapewa vidonge vya presha na vingine vya kizunguzungu, ambavyo ninavimeza hadi leo. Kizunguzungu cha kitandani hakijaondoka, na sasa kimeongezeka kingine: nikiinuka kwa haraka kutoka kwenye cherehani, macho huingia giza. Mume wangu anasema nimalize dawa kwanza, dada yangu anasema hiyo taifodi nimebandikwa tu. Nimsikilize nani?
Fundi wa Sare, Umoja

JIBU: Mama, katika hili dada yako ana hoja nzito, ingawa mume wako naye hajakosea kabisa, kwa sababu zipo dawa ambazo hupaswi kuziacha kwa uamuzi wako mwenyewe. Barua yako imenisaidia kuliko karatasi yoyote ya maabara, kwa kuwa umeeleza mambo matatu ambayo kila mwenye kizunguzungu anapaswa kuulizwa kabla hajatolewa hata tone la damu: kinaletwa na nini, kinadumu kwa muda gani, na kinaandamana na nini. Chako cha kwanza huletwa na kugeuza kichwa, hupita upesi, na hakina homa; wala hukutaja maumivu ya sikio au udhaifu wa viungo. Maelezo hayo yananielekeza kwenye sikio la ndani, si kwenye utumbo.

Ndani kabisa ya sikio, katika mfupa wa fuvu, kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda na kujaa majimaji, ambayo huuarifu ubongo kichwa kinapogeuka, kama pimamaji linavyomwonyesha fundi mwashi kwamba jiwe limeinama. Karibu na mifereji hiyo kuna utando uliobeba chembe ndogo sana za chokaa. Umri unaposonga, au baada ya kugongwa kichwa, na mara nyingi bila sababu inayoonekana, baadhi ya chembe hizo hubanduka na kutumbukia katika mfereji mmojawapo. Ukilala au ukiinua uso, chembe huteremka na kuyasukuma majimaji, na ubongo huarifiwa kwamba unazunguka ilhali umetulia tuli. Zikishatua chini, kwa kawaida katika muda usiofika dakika moja, mzunguko hukoma. Hali hii ndiyo chanzo cha kawaida zaidi cha kizunguzungu cha sikio la ndani, na huwapata zaidi wanawake na watu waliovuka miaka 50.

Wala si ugunduzi wa jana. Daktari Robert Bárány, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake juu ya kiungo hicho cha mizani (habari ya ushindi ilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi), aliieleza hali hii mwaka 1921. Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike, wakiwa London, walieleza namna ya kuithibitisha, ambayo ni kipimo kisichohitaji sindano wala mashine. Mgonjwa huketi kitandani, daktari humgeuza kichwa nyuzi 45 upande mmoja, kisha humlaza chali kwa haraka, kichwa kikiwa kimening'inia kidogo chini ya usawa wa kitanda, huku akimtazama machoni. Ikiwa chembe zimo katika mfereji wa nyuma, ambao ndio huathirika mara nyingi, baada ya sekunde chache mboni huanza kuchezacheza kwa namna ya pekee na mgonjwa huhisi mzunguko uleule anaoujua. Kinachohitajika ni kitanda na dakika chache, na ninasikitika kwamba watu hutozwa pesa za vipimo vya damu kabla ya kufanyiwa jambo jepesi kama hilo.

Sasa tuje kwenye taifodi. Hukutaja jina la kipimo, lakini kama majibu yalitoka siku hiyohiyo yakiwa na hesabu kama 1:80 au 1:160, basi bila shaka ni kile cha Widal, kilichoanza kutumika mwaka 1896, kabla reli haijafika hapa Nairobi. Kipimo hicho hakitafuti bakteria wa taifodi wenyewe, bali hutafuta kingamwili ambazo mwili uliwahi kuzitengeneza. Katika mji ambao watu wengi wamewahi kukutana na bakteria hao au jamaa zao, kingamwili hubaki kwenye damu ya mtu mzima wa afya kwa muda mrefu, hivyo majibu yanayoonyesha "ipo" yanaweza kuwa ya maambukizi ya zamani, au yasiwe ya taifodi kamwe. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha bakteria kutoka katika damu, nacho huchukua siku kadhaa na hakimkamati kila mgonjwa. Hata hivyo, kabla ya kubishana juu ya maabara, tazama mwili wenyewe: taifodi ni ugonjwa wa homa inayopanda na kukaa kwa siku nyingi, pamoja na kuumwa na kichwa, uchovu na matatizo ya tumbo. Mtu asiye na homa, ambaye huzungukwa na chumba kwa muda mfupi anapogeukia kulia tu, hana sababu ya kupimwa taifodi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile sindano. Jentamisini ni dawa yenye manufaa makubwa katika baadhi ya magonjwa, lakini haiponyi taifodi, kwa sababu bakteria wa taifodi hujificha ndani ya seli ambamo dawa hiyo haipenyi vya kutosha. Zaidi ya hayo, inaweza kudhuru figo na kiungo kilekile cha mizani kilichomo sikioni. Haikuleta kizunguzungu chako cha kwanza, kwa kuwa hicho kilitangulia, lakini nakuomba ujichunguze: je, stima ikipotea usiku unalazimika kutembea kwa kushika ukuta? Je, ukitembea unaona mabango ya barabarani yakirukaruka? Je, masikio yanavuma? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mweleze daktari atakayekuona, mtajie dawa hiyo kwa jina na idadi ya sindano ulizodungwa, na umwombe apime pia figo zako.

Kuhusu presha, 152 kwa 94 ni kipimo kinachostahili kufuatiliwa, lakini kipimo kimoja, kilichochukuliwa kwa mtu aliyetoka kutapika na mwenye hofu, hakitoshi kumfanya mgonjwa wa presha. Kwa kawaida tunataka kuona 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, mtu akiwa ameketi ametulia kwa dakika tano, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kinatosha mkono wake, maana kikiwa kidogo husoma juu kuliko ukweli. Tena, presha iliyopanda kiasi hicho si kawaida kumzungusha mtu anapogeuka kitandani. Lile giza la macho unapoinuka ni jambo jingine kabisa, na ninashuku vidonge vyenyewe vinakushusha kupita kiasi. Hilo nalo hupimwa kwa urahisi: unalala dakika tano, unapimwa, unasimama, kisha unapimwa tena katika dakika ya kwanza na ya tatu. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10, chanzo kimepatikana. Hapa ndipo ninapokubaliana na mume wako: usivitupe vidonge hivyo. Nenda upimwe wiki hii, na daktari ndiye aamue kupunguza, kubadilisha au kusimamisha.

Vile vya kizunguzungu, kama ni sinarizini au jamaa zake, hupunguza kichefuchefu kwa siku za mwanzo, lakini haviwezi kuziondoa chembe mferejini, na vikitumika kwa muda mrefu huuchelewesha ubongo kurudisha mizani yake. Tiba halisi ni ya kuzirudisha chembe mahali pake kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu, ambao John Epley wa Marekani aliuchapisha mwaka 1992. Kwa sikio la kulia, unaketi kichwa kikielekea kulia nyuzi 45, unalazwa chali kichwa kikiwa chini kidogo ya mabega, unasubiri hadi mzunguko ukome na nusu dakika zaidi. Kichwa kinageuzwa polepole hadi upande wa kushoto, unasubiri. Unageuka mwili mzima kulalia ubavu wa kushoto huku uso ukitazama sakafu, unasubiri. Kisha unainuliwa taratibu ukiketi. Wengi hupona kwa kufanyiwa mara moja au mara chache. Nimekueleza hatua hizi ili uzitambue utakapofanyiwa, si ili ujifanyie leo usiku, kwa sababu kwanza ni lazima ithibitishwe kwamba sikio ni la kulia na kwamba shingo yako ni salama. Chembe zinaweza kubanduka tena baada ya miezi au miaka, na hapo utaratibu huohuo hurudiwa.

Mwombe daktari wa hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe akufanyie kile kipimo cha kulazwa chali na kutazamwa macho, au akupe rufaa kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Usione haya kutafuta maoni ya daktari wa pili: Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya ya Kenya mwaka 2013 unakupa haki hiyo waziwazi. Beba karatasi zote na pakiti za dawa. Hadi hapo usipande juu ya stuli kufikia rafu ya juu, mtume msaidizi.

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 68 na anaugua kisukari. Jana jioni alishikwa na kizunguzungu akiwa ameketi, kikombe kikamponyoka, na maneno yakawa mazito mdomoni. Baada ya nusu saa alikuwa mzima. Kwenye kemisti tumeambiwa ni uchovu. Je, tumwache apumzike?
Mwana wa Kawangware

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Hapa nina shaka na jina mlilopewa kwa sababu iliyo kinyume na ya mama wa Umoja: yeye amepewa ugonjwa mkubwa asiokuwa nao, na baba yako amepewa jina dogo mno. Kizunguzungu kinachokuja pamoja na mkono kulegea na usemi kuwa mzito kinaweza kuwa kiharusi cha muda, na hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata. Sukari iliyoshuka nayo huweza kuleta dalili kama hizo, kwa hiyo kipimo cha kidole kifanywe mara moja, lakini hata ikionekana kuwa sukari, afikishwe leo kwenye hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Barua hii nimeijibu kwa simu siku niliyoipokea. Ninaichapisha kwa ajili ya wengine.

Msimpe aspirini nyumbani kabla ya picha hiyo, kwa sababu kama kuna mshipa uliopasuka itazidisha uvujaji wa damu. Andikeni saa kamili dalili zilipoanza. Zikirudi, tambueni kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, na msongamano wa Barabara ya Ngong unaweza kuzila nyingi kati ya hizo. Vilevile msisubiri mkono ulegee: mzee aliyepatwa ghafla na kizunguzungu kisichokoma, akashindwa kusimama au kutembea bila kushikwa, akaona vitu viwiliviwili au akaumwa na kichwa kuliko alivyowahi kuumwa, apelekwe saa hiyohiyo hata kama mikono yake ina nguvu.