Kabla ya kuandika mradi wa ziwa, tafuteni mizani

Vijana wa Bukavu, Kongo, wanaotaka kulinda Ziwa Kivu huniuliza mara kwa mara waanze na mfadhili gani. Mimi huwashauri waanze na mizani, yaani kupima taka zinazoingia ziwani.

Kikundi chetu cha Kadutu, eneo la mji wa Bukavu, kilianza kinyume. Tuliandika mradi kwa Kifaransa kizuri, shirika moja la kigeni likatupatia glavu, majembe na mabango, nasi kwa miezi kadhaa tukaokota chupa za plastiki kwenye mitaro. Fedha zilipokwisha, kazi nayo ikafa. Kilichonigeuza ni mazungumzo yetu na wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wa upande wa Rwanda. Mzee mmoja alituuliza tunaokota magunia mangapi kabla ya mvua na mangapi baada yake, ili nao wajue taka wanazozikuta nyavuni zinatoka wapi. Hatukuwa na jibu. Niliona haya, kwa kuwa tulikwenda kumwomba ushirikiano mikono mitupu.

Ziwa hili lina njia moja tu ya kutokea, Mto Ruzizi, nayo iko hapa Bukavu. Taka zinazoelea huvutwa na mkondo hadi kwenye bwawa la Ruzizi I, zikaziba mitambo, na umeme ukapungua majumbani mwetu. Mto huohuo ndio mpaka wetu na Rwanda, na chini zaidi bwawa la Ruzizi II ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, lakini maji hayasomi sheria ya nchi moja. Hata ABAKIR, mamlaka ya bonde hili iliyoundwa na nchi hizo tatu, haitajua kinachoshuka katika mtaro wa Kadutu tusipoieleza sisi tunaoishi kando yake.

Basi kubalianeni na wenzenu wa ng'ambo ya mpaka siku moja ya kupima, mwandike kwa Kiswahili, ambacho wavuvi wa pande zote mbili wanakielewa bila mkalimani, na mtumie gunia la ukubwa mmoja. Hili la gunia msilidharau: tulipoanza kupima pamoja na wavuvi wale, sisi tulihesabu kwa magunia ya makaa, wao kwa ya mchele, na hesabu ya miezi mitatu haikuweza kulinganishwa.

Mfadhili akija baadaye, mwonyesheni kwanza daftari la vipimo hivyo. Letu lina nakala mbili, moja Kadutu, nyingine kwa wavuvi wa ng'ambo.