Mume hawezi kuwa mtaa mzima

Mwaka wetu wa kwanza Udon Thani, kaskazini mashariki mwa Thailand, mimi na mume wangu hatukuachana hata kwa nusu saa. Tulifundisha Kiingereza shule moja, meza zetu zikapakana katika chumba cha walimu, tukarudi nyumbani kwa pikipiki moja, tukala pamoja, kisha usiku tukaanza tena kuwazungumzia wanafunzi walewale. Ndugu zetu kwetu Voi, Kenya, walituona kwenye picha wakasema tuna bahati. Hawakujua kwamba kila Jumapili tuligombana, mara nyingi kwa jambo dogo kama ndoo iliyoachwa mlangoni.

Ilinichukua muda kuelewa. Voi nilikuwa na dada zangu wawili, chama cha Jumamosi, mama wa mboga aliyejua habari zangu zote, na shangazi wa kumlilia. Kule ugenini kazi zao zote nilimbebesha mtu mmoja. Naye vilevile alinifanya mimi kaka zake, timu yake ya mpira na kijiwe chake. Mzigo huo hakuna ndoa inayouweza. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaofunga virago wawili wawili kwenda kufundisha huko: tafuteni watu, na kila mmoja atafute wake.

Hata lugha ilituonyesha. Kwa Kithai mwanamke humalizia maneno yake ya adabu kwa "kha", mwanamume kwa "khrap". Mimi nilijifunza kwa wanawake wa sokoni, mume wangu akajifunza kwangu, na kwa wiki nyingi akawa anawaamkia wazee kwa "kha". Hakuna aliyemsahihisha. Wathai wana neno, "krengjai", ile hali ya kumstahi mtu mpaka ukaogopa kumkwaza. Alikuja kurekebishwa na walimu wenzake siku alipoanza kucheza nao mpira jioni, bila mimi. Mkibaki wawili, kosa la mmoja huwa la wote wawili, na hakuna wa kulitoa.

Makaratasi sitayakalia sana. Wenye pasipoti zetu kwa kawaida tutaombwa cheti cha TOEIC au IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza, na baada ya kuingia kila mgeni anayekaa hujiripoti uhamiaji kila siku 90. Lakini liko moja linalowahusu wanandoa: kibali cha kazi hufungamanishwa na mwajiri mmoja. Mkiajiriwa wote shule moja na mkataba usipoendelea, mmekosa kazi wote siku moja. Sisi mwaka wa shule ulipoisha Machi, mume wangu alitafuta shule nyingine kabla ya muhula mpya wa katikati ya Mei. Mshahara haukuongezeka. Kilichoongezeka ni kwamba jioni tulikuwa na cha kusimuliana.

Mimi mlango wangu ulifunguliwa na kinu. Jirani yetu aliuza som tam, ile saladi ya papai bichi inayotwangwa kwa pilipili, ndimu na mchuzi wa samaki. Kinu chake ni cha udongo na mchi wake ni wa mti, na mimi nimekulia kwenye kinu. Siku moja nilimwomba mchi kwa ishara, nikatwanga. Aliita nyumba nzima ije kuona. Kuanzia hapo Jumamosi yangu ikawa mkekani kwake. Wali wao wa kunata huliwa kwa mkono: unamega, unaviringisha tonge, unachovya. Nilipoanza kula bila kufundishwa, bibi wa nyumba ile alinipangusa machozi, maana nilikuwa nalia na sikuwa nimejua. Miezi minane nilikuwa sijala tonge mkekani na wanawake.

Msiogope wakiwauliza umri dakika ya kwanza. Wanataka kujua wawaiteje. Mkubwa kidogo ni "phi", mdogo ni "nong", mwanamke wa makamo ni "pa", mzee wa kiume ni "lung". Mtu aliyelelewa kwa dada, kaka, shangazi na mjomba hili halimpi shida, na wageni wengi wa Ulaya linawachanganya. Ni mali tuliyokwenda nayo bila kujua. Vivyo hivyo kuvua viatu mlangoni, kutoshikana kimahaba mbele za watu, na kuulizwa njiani "pai nai?", yaani unakwenda wapi, swali lisilohitaji jibu refu kama vile "za utokako?" kwetu.

Yako pia yanayouma. Utaguswa nywele bila kuombwa ruhusa. Utauliziwa rangi yako na watoto, na shule moja ilituambia wazi kwamba wazazi walitarajia Mzungu. Siku kama hizo usimwachie mwenzako peke yake akutulize, kwa sababu yeye ameumizwa na neno lilelile. Mimi nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa Uganda, mkubwa wangu, tukapika chai ya maziwa tukakaa kimya. Mume wangu alikwenda kukimbia Nong Prajak, bustani ya ziwani katikati ya mji. Alisema kilichomtuliza ni wimbo wa taifa wa saa kumi na mbili jioni: wote waliokuwa wakikimbia walisimama, naye akasimama kati yao, hakuna aliyemtazama.

Simu za nyumbani zipangieni saa, la sivyo zitakula jioni zote. Thailand iko mbele ya Kenya kwa saa nne, basi tukachagua Jumatano na Jumapili usiku, na siku nyingine tukatoka nje.

Na mkialikwa, nendeni. Hapo kuna zawadi ndogo kwa Mswahili. Katika mazungumzo ya kawaida Wathai huhesabu saa za usiku kama sisi, saa moja ikianza jua likishazama, mpaka saa tano. Vitabu vya Kiingereza huwachosha wageni kwa maelezo ya hesabu hiyo. Jirani akikwambia "song thum", "song" ni mbili, na maana yake ni saa mbili usiku. Mwanzoni fika kwa wakati na kilo ya matunda mkononi, acha viatu nje, na kama mwenzako amechoka mwache alale, nenda wewe.