Yule mama wa kanga ya njano

Swali lenu la wiki hii, kwamba kusifu na kuabudu kwa moyo kuna maana gani kwenye maisha ya Mkristo, nimelisoma asubuhi nikiwa kwenye bajaji natoka Mikindani kuja mjini, na mpaka saa hizi naandika bado halijaniachia. Ntajibu, ila najijua ntajibu la pembeni kidogo. Linalonisumbua mimi ni hili, je mtu anaweza kusukumwa amsifu Mungu, na akisukumwa, ile sifa inafika? Nimeongoza sifa kanisani kwetu miaka kumi na kitu, kwahiyo msidhani naongea kama mtu wa nje.

Msimamo wangu nauweka mapema. Sifa ya kulazimishwa siyo sifa. Isaya 29:13 imesema wazi kuhusu watu wanaomkaribia Mungu kwa midomo na mioyo yao iko mbali, na Yesu mwenyewe akayarudia maneno hayo kwa Mafarisayo. Amosi naye kwenye sura ya 5 anasema Mungu amechoka na kelele za nyimbo zao. Alafu ingia kanisa lolote Jumapili hapa Mtwara usikilize kiongozi wa sifa, nusu saa nzima ni amri tupu, nyoosha mikono, ruka, mgeukie jirani yako mwambie, piga kelele kwa Yesu, bado sijakusikia, yani ni kama konda anapakia abiria stendi. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nimelelewa na bibi Masasi, Muanglikana wa ile ya zamani ya misa na ubani. Bibi sikuwahi kumuona anapiga makofi kanisani hata siku moja. Alikuwa anapiga magoti kwenye sementi mpaka magoti yakawa na sugu, na akiimba sauti yake huisikii mpaka ukae naye benchi moja. Wanaoijua Masasi wanajua ile misheni ilianzaje, mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi wakatembea kwa miguu mpaka pale chini ya yale mawe makubwa. Mi hilo huwa linanigusa sana, kwasababu neno kuabudu lenyewe limetoka Kiarabu na lina shina moja na abdi, yani mtumwa. Sasa fikiria watu waliotoka utumwani, wameachiwa huru, alafu wanapiga magoti kwa hiari yao kumwabudu mtu mwingine ambaye hawamuoni. Nani aliwashika shingo? Hakuna. Ndo maana nikawa nasema, ukimlazimisha mtu kuabudu umemrudisha kule walikotolewa wale wazee.

Haya. Sasa niwaeleze ya Desemba 2018.

Msimu ule wa korosho kila mtu wa kusini anaukumbuka, ule serikali ilipozinunua yenyewe kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na hela zikachelewa kuwafikia wakulima, sina haja ya kueleza hali ya mifuko ya watu ilivyokuwa mwezi wa kumi na mbili. Kanisa lilikuwa limejaa kama kawaida maana watu wakibanwa wanakuja, ila lilikuwa zito. Mnajua ile siku unapiga pambio ambalo kila siku linawasha moto na leo linaanguka chini kama nguo mbichi? Nilibadilisha pambio mara tatu. Mpiga kinanda ananiangalia, jasho linanitoka, joto la Desemba la huku mnalijua na feni zetu mbili zinageuza hewa tu. Na wiki mbili nyuma nilikuwa nimetoka kwenye semina ya waimbaji tukafundishwa kwamba kwenye Kiebrania moja ya maneno ya kusifu ni yadah, na ndani yake wanasikia yad, mkono, kwahiyo asiyetumia mikono hajasifu kibiblia. Nikaibeba hivyo hivyo nzima nzima.

Nikaanza kukagua watu. Benchi la pili kutoka mwisho, upande wa kina mama, kulikuwa na mama mmoja wa makamo ya mama yangu, kanga ya njano, amekaa wenzake wamesimama, na mikono yake yote miwili ameiviringisha ndani ya ile kanga. Nikasema kwenye maiki, nasikia sauti yangu mpaka leo, "Mama wa kanga ya njano pale nyuma, Mungu hajakufunga mikono, itoe umpigie Yesu makofi!" Watu wakageuka. Wengine wakashangilia kabisa wakidhani ni upako.

Akasimama. Akaikunjua kanga taratibu, akaitoa mikono.

Nilikuwa mbali lakini niliiona. Vidole vyeusi kama vimechovywa kwenye lami, viganja vimebabuka magamba magamba na katikati pekundu, dole gumba la kulia limefungwa kitambaa. Mtoto wa Mtwara haambiwi hiyo ni nini. Ni mafuta ya ganda la korosho. Kila mmoja wetu utotoni ameshawahi kubangua korosho iliyochomwa nusu kwa meno akaamka kesho yake midomo imevimba, na hiyo ni korosho moja. Yule mama alikuwa anabangua za watu kwa kipimo, kutwa nzima, anakaanga kwenye kipande cha bati, anapaka majivu mikononi, anagonga na jiwe, moja moja.

Viganja haviwezi kugongana vikiwa hivyo. Akagonganisha hapa juu ya kiganja, kifundo kwa kifundo. Haikutoa sauti yoyote ya maana, ko, ko, ko, anafuata mapigo ya ngoma, macho amefumba. Mi maneno yakaniishia. Nikaendelea kuimba kwasababu mpiga ngoma hakusimama, ila niliimba mstari mmoja kama mara sita maana wa pili ulikuwa umenipotea.

Jumanne yake jioni nikaenda kwake Magomeni, nimebeba sukari kilo mbili na kopo la mafuta ya mgando. Nilimkuta uani, bati liko mafigani, moshi ule wa korosho unaokwangua koo. Shikamoo mama, marahaba baba karibu, akanisukumia kigoda. Nikapiga magoti kabisa nikamuomba msamaha, nikamwambia nilikosa, sifa inatakiwa itoke moyoni mwa mtu mwenyewe na mimi nilikuaibisha mbele za watu. Nilitegemea aseme yameisha. Akaendelea kugonga korosho kama tatu hivi ndo akasema.

"Mi ile Jumapili baba sikuja kuimba. Nilikuja tu nisikae hapa na mawazo. Mungu nilikuwa nimemnunia, ukweli ndo huo. Hela ya korosho haijaingia, mjukuu anataka sare na madaftari aende fomu wani, na babu yao ndo katuacha Septemba. Uliponiita nikasimama kwa haya, wala siyo kwa Mungu. Nikagonga gonga tu watu wageuke mbele. Pambio linakuja kuisha nikajikuta nalia, namwambia yote. Moyo wangu ningeusubiri uje wenyewe, ningekaa pale benchi mpaka Pasaka."

Nikanyamaza. Alafu akanyoosha jiwe kunielekea, "Lakini usirudie. Mwingine ukimwita vile hatarudi tena kanisani."

Hayo maneno yake mawili nimeyabeba miaka yote hii na hayakai pamoja. Nilienda kule nikiwa na msimamo safi, sifa ni moyo, moyo haulazimishwi, basi. Na mtu niliyemkosea akaniambia moyo wake ulikuja nyuma ya mikono. Nimerudi kusoma Habakuki sura ya 3, pale mtini hauchanui na zizini hakuna kundi, na yule nabii hasemi anajisikia furaha, anasema atamfurahia Bwana, ni kama mtu anaapa huku tumbo tupu. Waebrania 13:15 inaita sifa dhabihu, na dhabihu haijawahi kuwa kitu ambacho hakiumi. Paulo na Sila usiku wa manane pale Filipi waliimba mgongo umetoka kuchapwa bakora na miguu iko kwenye mkatale. Na Bwana wetu, Mathayo 26:30 wengi tunaupita haraka, usiku ule ule wa kukamatwa aliimba na wanafunzi wake kabla hawajatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Simuoni kama alisubiri ajisikie.

Kwahiyo nilivyoanza kuandika nilikuwa nataka niwaambie waongoza sifa waache kabisa kuwaamrisha watu, na sasa hivi nimefika hapa siwezi kusema hivyo. Nafikiri mtu anahitaji kuitwa. Zaburi ya 150 yenyewe ni amri mwanzo mpaka mwisho, msifuni, msifuni, kwa matari na kucheza, kwa matoazi, hakuna mahali inauliza kama uko tayari. Ila, na hii ila naisema kwa nguvu zote, kuita kanisa zima siyo sawa na kumnyooshea mtu mmoja kidole ambaye hujui amekuja na nini ndani ya kanga. Aliyefiwa muacheni akae. Mgonjwa muacheni. Wapo wa aina ya bibi yangu ambao hata ukimpa miaka mia hapigi makofi, na nisingethubutu kusema bibi hakuabudu, nimeyaona yale magoti. Na kuhusu wale wazee wa 1876 labda pia nilikuwa nawasemea tu, maana na wao kuna mtu aliwagongea kengele asubuhi.

Naongoza bado, Jumapili ya kwanza na ya tatu. Bado nasema tupige makofi. Yule mama yupo, benchi lile lile, mikono siku hizi ina nafuu maana kubangua ameacha anauza vitumbua, na anapiga kwa viganja kama watu wengine. Wakati mwingine tukiwa katikati ya pambio namuona anageuza anagonga kwa vifundo, sijawahi kumuuliza kwanini.

Mhariri, kama nafasi haitoshi punguza pale pa Masasi, pa mikono paache kama palivyo.