Nilivyoacha kushona marembo

Jana usiku kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, "dada mbona nguo zako siku hizi zimepoa, ule moto wa kitenge umeenda wapi?" Nikacheka peke yangu jikoni, maana wiki hii hii nimeuza koti jeusi la sufu, halina lasi, halina stoni, vifungo vyenyewe vimefichwa, na hela niliyolipwa, zamani ningeshona magauni matatu ya sendofu ndo niipate.

Nilikuja Rotterdam, huku Uholanzi, na cherehani na kiburi cha Kariakoo. Kule mimi ndo nilikuwa fundi wa marinda na mabega ya puto, ukitaka kuwafunika watu harusini unakuja kwangu. Basi nikabeba magauni matano nikayapeleka duka moja hapa, silitaji. Mama mwenye duka akachukua la kwanza, akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mishono. Oveloki imekwenda kombo, nyuzi zinaning'inia kwapani. Akanirudishia kimya kimya. Mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande wa pili.

Miezi ya kulia naruka. Aliyenizindua ni Alexander van Slobbe, mbunifu wa mavazi wa Kiholanzi, wala hanijui. Kazaliwa Schiedam 1959, hapo jirani tu kwa metro, kasomea ubunifu Arnhem, 1988 akaanzisha lebo ya nguo za kike, orson + bodil, pamoja na Nannet van der Kleijn, 1993 akaja na SO, nguo za kiume ambazo Wajapani walizipenda balaa. Nguo zake nilikutana nazo Centraal Museum kule Utrecht. Mwanzoni nikasema mbona hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anashona hii? Nikasogea karibu nikanyamaza. Sisi tukisema mshono tunamaanisha fasheni, yeye mshono ni ule mstari wenyewe wa uzi, anaupitisha pale anapotaka jicho lako lifuate, na mkato ndo pambo. Hamna ua wala shanga ya kufichia kosa.

Aibu niliyoona! Maana nusu ya marembo yangu yalikuwa plasta. Unaona stoni hapo begani? Hapo nilikata vibaya.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu ni huu, punguza. Piga pasi kila mshono kabla hujaunganisha mwingine, geuza nguo uangalie ndani, halafu punguza tena. Na nyie mafundi mnaoshinda mnanakili mishono ya Instagram huku pindo lenu linapanda upande mmoja, mteja mnamdanganya na mnajidanganya wenyewe, tubadilike jamani. Msiniambie nimewaiga Wazungu, hizo wax za Vlisco mnazogombania zinatoka Helmond, huku huku Uholanzi, kampuni ipo tangu 1846. Kitenge bado nashona, ila sasa nakikata gauni limenyooka, mikono miwili na shingo basi, maua yaliyopo kwenye kitambaa yanatosha.

Mwenye koti alivyokuja kulichukua, alilijaribu kwenye kioo kidogo tu, akalivua, akaligeuza nje ndani pale pale mezani kwangu. Zamani ningetafuta kisingizio cha kwenda chooni. Nikamwachia aangalie bitana mpaka achoke, nikaenda kubandika chai.